Je, Mungu Ametusahau? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Juu ya Uaminifu wa Mungu na Tumaini la Kufanywa Upya Vitu Vyote

Maswali haya yametoka kwa Wakristo wa Unguja na Pemba: wanaosali Mkunazini, Minara Miwili, Mbweni, Wete na Chake Chake, na wale wa makanisa madogo ya pembezoni mwa mji. Mengine huulizwa baada ya ibada, mengine msibani, mengine huja kwa ujumbe wa simu usiku mtu akiwa hana usingizi. Nimeyajibu kama ninavyojibu ana kwa ana. Maneno ya Biblia nimeyanukuu kutoka Union Version, maana ndiyo iliyomo katika nyumba nyingi za kwetu.

Tukisema Mungu ni mwaminifu, tunasema nini hasa?

Tunasema kwamba alichoahidi atakitimiza, na kwamba yeye hageuki baina ya siku ya kuahidi na siku ya kutimiza. Hatusemi kwamba kila tunachokitamani atakileta. Mambo haya mawili huchanganywa sana, na mimi naamini majonzi mengi ya waumini hutoka hapo: mtu hujiwekea ahadi ambayo Mungu hakuitoa, kisha akamdai Mungu deni asilolikopa.

Tazama maneno tunayoyapenda yalisemewa wapi. "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Hayo ni Maombolezo 3:22-23. Yerusalemu ulikuwa umechomwa moto na jeshi la Babeli, mwaka 586 kabla ya Kristo. Hekalu lilikuwa majivu. Watoto wachanga walikuwa wanaomba chakula na hapakuwa na wa kuwamegea. Na mistari michache tu kabla ya hapo, mwandishi huyo huyo amesema nguvu zake zimepotea, na tumaini lake kwa BWANA nalo limepotea. Katika sura hiyo hakuna kilichojengwa upya, wala hakuna mateka aliyerudi. Alichokuwa nacho ni kumjua Mungu aliyefanya agano na baba zake, akaling'ang'ania hilo.

Nimeomba jambo moja kwa miaka mingi. Mbona Mungu yuko kimya?

Kwanza pole. Swali hili wanaoliuliza ni watu wanaoomba kweli. Asiyeomba halimsumbui.

Sina jibu la kwa nini wewe, kwa nini jambo hili, kwa nini mpaka leo. Anayekupa jibu la haraka, muogope kidogo. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo jema moja tu: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walipofungua vinywa kumweleza sababu ya mateso yake ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwaambia wazi kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake.

Lakini yapo ninayoweza kukuonyesha. Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipoitwa atoke Harani, na Isaka akazaliwa yeye ana miaka 100. Robo karne nzima, na katikati yake yalitokea mambo ya aibu: uongo kule Misri, na habari ya Hajiri, kijakazi aliyezaa naye. Yusufu aliuzwa akiwa kijana wa miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, na miaka miwili ya mwisho alikaa gerezani kwa sababu mtu aliyemfanyia wema alimsahau. Biblia haifichi urefu wa kungoja kwao. Ukisoma haraka utadhani mambo yalikwenda mbio, kwa kuwa baina ya mstari na mstari imepita miaka kumi na haikuandikwa hata sentensi. Wewe labda uko hapo sasa, baina ya mstari na mstari.

Na Waebrania 11:13 inasema jambo gumu zaidi, ambalo mimbarani hatulisemi vya kutosha: "Hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali na kuzishangilia." Wapo watakaozikwa kabla ya kupokea. Hao Biblia haiwaiti watu walioshindwa. Inasema Mungu haoni haya kuitwa Mungu wao.

Je, ni dhambi kumlalamikia Mungu?

Hapana. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni Zaburi 13, nayo imo katika kitabu cha sala. Zaburi za kulia ni nyingi mno, na Bwana wetu mwenyewe msalabani alitumia maneno ya mojawapo, Zaburi ya 22. Kumlilia Mungu ni kuendelea kusema naye. Kwetu visiwani tumezoea kuambiana "jikaze", hasa wanaume, na kwenye msiba mtu akilia sana huambiwa imani yake haba. Mfiwa aachwe alie.

Yeremia 29:11 iko kwenye kadi za harusi na status za simu. Je, ni ahadi yangu mimi?

"Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni maneno matamu na ni ya kweli, ila yamo ndani ya barua, na barua husomwa kuanzia juu.

Barua hiyo Yeremia aliwaandikia watu waliokwisha chukuliwa mateka Babeli. Wakati huo alikuwako nabii mwingine, Hanania, aliyetangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Bila shaka watu walimpenda zaidi. Yeremia alisema miaka sabini. Fikiria umekaa Babeli una miaka arobaini, unapokea barua yenye hesabu hiyo: wewe hutarudi, watakaorudi ni wajukuu zako. Ndipo linapofuata neno la mawazo ya amani. Kwa hiyo mstari wa 11 hauahidi kwamba mwaka huu utapata kazi. Unasema Mungu hakuwatupa watu wake, hata kama muda wenyewe ni mrefu kuliko umri wa msomaji.

Na ikawa. Mwaka 538 kabla ya Kristo Koreshi mfalme wa Uajemi alitoa ruhusa ya kurudi, na hekalu jipya likamalizika mwaka 516, miaka sabini baada ya lile la kwanza kuchomwa.

Kuna sehemu ya barua hiyo inayowahusu wengi wetu hapa kwa karibu sana. Wakristo wengi wa Zanzibar wametoka bara: wanafanya kazi hotelini Nungwi na Paje, wanafundisha skuli, wako kwenye ujenzi, na kila siku wanahesabu lini watarudi kwao. Yeremia aliwaambia mateka wajenge nyumba na kukaa, wapande bustani na kula matunda yake, kisha akasema: "Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa BWANA, kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Kama unaishi Zanzibar miaka kumi na hujui jina la jirani yako wa ukuta kwa ukuta, mstari wa 7 unakuhusu kabla ya mstari wa 11.

Je, Mungu atanirudishia nilichopoteza? Yoeli si amesema "nitawarudishia hiyo miaka iliyoliwa na nzige"?

Amesema, katika 2:25. Nami naomba usimame kidogo kwenye sura nzima, maana ni tajiri.

Nzige walikuwa wamemaliza kila kitu, hata sadaka ya unga na ya kinywaji haikuweza kupelekwa hekaluni. Kabla ya ahadi inatangulia toba: rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu. Kisha Mungu anaahidi mvua ya masika na mvua ya vuli, lugha ambayo mkulima wa Pemba hahitaji kuelezwa. Ndipo linapokuja neno la miaka kurudishwa. Na sura haiishii kwenye nafaka. Inaendelea hadi Roho kumiminwa juu ya wote wenye mwili, wana na binti, wazee na vijana, watumwa na wajakazi, maneno ambayo Petro aliyasoma siku ya Pentekoste.

Miaka yenyewe hairudi. Aliyepoteza ujana wake kwenye ulevi haamki kesho akiwa kijana. Mungu huleta mavuno ambayo miaka ile ilinyimwa, wakati mwingine hapa hapa, wakati mwingine kwa namna nyingine kabisa, na kwa ukamilifu siku ya ufufuo.

Historia yetu ina mfano ambao huwa naufikiria kila nikisoma Yoeli. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa sana ya mikarafuu. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu ukiupanda leo huna la kuchuma mpaka ipite miaka sita au zaidi. Wenye mashamba walipanda tena, Pemba ikaongezewa miti, na biashara ikarudi. Ukiiangalia kwa macho ya mwenye shamba, huo ni urejesho: miaka iliyoliwa imerudishwa. Lakini ni nani aliyechimba mashimo, akapanda miche, akapalilia na kuchuma? Ni watumwa. Kurejea kwa utajiri wa mmoja kulikuwa kongwa la mwingine.

Ndiyo maana hatuwezi kusema tumaini la Biblia ni kurudishiwa vitu tu. Petro anasema tunatazamia mbingu mpya na nchi mpya, "ambayo haki yakaa ndani yake". Urejesho ambao haumgusi yule aliyekuwa chini kabisa si ule walioutangaza manabii. Ukiomba urejezewe biashara yako, muombe Mungu vilevile akuonyeshe uliokuwa unawalipa ujira mdogo.

Na Ayubu je? Mwishoni alipewa maradufu: kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi za ng'ombe 1,000 na punda wake 1,000. Watoto alipewa saba na watatu, idadi ile ile ya kwanza. Wapo walioeleza kwamba watoto hawakuzidishwa kwa kuwa wale wa kwanza hawakupotea kama ng'ombe wanavyopotea. Bado ni wake, wako kwa Mungu. Maandiko hayasemi hivyo waziwazi. Ila mama aliyezika mtoto anajua kwamba aliyezaliwa baadaye hakuja kuchukua nafasi ya mtu, na kitabu cha Ayubu hakimwambii kinyume chake.

Mhubiri ameniambia nikipanda "mbegu" ya fedha, urejesho wangu utakuja upesi. Nitoe?

Usitoe. Sadaka ni shukrani na ni kuwasaidia wahitaji. Haimlipi Mungu ili aharakishe. Simoni wa Samaria alipoleta fedha kwa ajili ya kipawa cha Roho, Petro alimjibu kwa ukali ambao leo tunauonea aibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Mama anayeuza maandazi Darajani akatoa ada ya skuli ya mtoto ili anunue muujiza, ameibiwa. Nalisema kwa uchungu.

Kama Kristo ameshinda, mbona dhuluma, magonjwa na mauti vingali vipo?

Hapa ndipo penye kiini cha tumaini lote la Kikristo, nami nitajibu kwa kirefu.

Nenda Mkunazini. Pale lilipo kanisa kuu la Anglikana palikuwa soko la watumwa. Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alisaini mkataba wa kulifunga mwezi Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, na alipofariki mwaka 1882 akazikwa humo humo. Inasimuliwa kwamba madhabahu yako mahali uliposimama mti wa kuwafungia na kuwachapa watumwa.

Sasa zingatia tarehe. Soko lilifungwa 1873. Je, utumwa uliisha? Haukuisha. Watu waliendelea kumilikiwa mashambani, na wengine waliendelea kuvushwa kwa siri usiku. Amri ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba ilitoka Aprili 1897, na hata hiyo iliwaacha nje masuria. Wao wakangoja mpaka 1909. Fikiria mwanamke wa shambani Pemba mwaka 1880. Akiambiwa "soko limefungwa" angeweza kusema: mbona mimi bado niko hapa? Angekuwa na haki ya kuuliza. Na bado ilikuwa kweli kwamba soko limefungwa, na kwamba jambo kubwa lilikuwa limekwisha kutokea ambalo mwisho wake ungemfikia hata yeye.

Wakristo twasema ufufuo wa Yesu ni tukio la namna hiyo, kubwa kupita kiasi. Paulo anamwita Kristo "limbuko lao waliolala". Mavuno ya kwanza yamekwisha letwa, na shamba lililobaki ni la mwenyewe huyo huyo. Mauti imevunjwa mahali pamoja, kaburini nje ya Yerusalemu, lakini bado inatuzika sisi. Petro katika Matendo 3:21 anasema Kristo imempasa kupokewa mbinguni "hata zije zamani za kufanywa upya vitu vyote". Baina ya Pasaka na siku hiyo ndipo tunapoishi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi haya ili Wakristo wajigambe mbele ya majirani zao. Wareno na Wazungu wengine waliojiita Wakristo waliuza watu kwa mamia ya miaka. Na wakoloni walikuwa na maslahi yao. Nasema tu kwamba ardhi ya mji wetu imeshuhudia pengo baina ya ushindi kutangazwa na ushindi kumfikia kila mtu, kwa hiyo tusishangae sana tukiambiwa tuko ndani ya pengo kama hilo.

Ahadi za kurejezwa walipewa Israeli. Sisi zinatuhusu vipi?

Zilitolewa kwa Israeli kwanza, na si haki kuzinyakua kana kwamba wao hawapo. Ezekieli alipoona bonde la mifupa mikavu aliambiwa mifupa hiyo ni nyumba yote ya Israeli. Paulo katika Warumi 11 anasema mataifa ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, tena anatuonya tusijisifu juu ya yale ya asili, kwa sababu "karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake".

Wakristo hatukubaliani kote. Wapo wanaosubiri kurejezwa kwa taifa la Israeli kwa namna ya pekee siku za mwisho, na wapo wanaosema ahadi zote zimekusanyika ndani ya Kristo na watu wake wa kila kabila. Mimi naelekea kwenye usomaji wa pili, ila Warumi 11 inanizuia nisilifunge jambo hili. Ninalolishika bila wasiwasi ni hili: kama Mungu angewavunjia Wayahudi ahadi zake, mimi wa visiwani nisingekuwa na sababu yoyote ya kumwamini. Na tusizitumie aya hizi kushangilia vita vya leo. Wanaokufa wana mama zao.

Ufunuo 21:1 unasema "wala hapana bahari tena". Sisi tunaoishi kwa bahari tufurahie nini?

Swali hili hupendwa na wavuvi, nami nalipenda pia.

Yohana aliyaona hayo akiwa kisiwani Patmo, alikopelekwa kwa ajili ya neno la Mungu. Kwake yeye bahari ndiyo iliyomtenga na makanisa aliyoyapenda. Halafu fuatilia bahari katika kitabu chake. Katika sura ya 13 mnyama anatoka baharini. Katika sura ya 18 manahodha na wafanyabiashara wanalia kwa kuwa Babeli umeanguka na hakuna wa kununua shehena zao. Soma orodha ya shehena hiyo ukiwa umeketi Forodhani: dhahabu, vyombo vya pembe, mdalasini, iliki, ubani, na mwisho kabisa, baada ya farasi na magari, "miili na roho za wanadamu". Mzanzibari hahitaji mtu wa kumfafanulia. Bahari inayotoweka ni ile iliyobeba shehena hiyo, bahari ya hofu na ya kutenganishwa. Sidhani Yohana anatuambia kwamba Mungu aliyeumba nyangumi na kasa amechoka na maji ya chumvi. Zaburi 104 inaonyesha wazi kwamba anaipenda.

Na kuna aya moja kabla ya hapo ambayo mtu wa Unguja na Pemba aijue kwa moyo: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake" (20:13). Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli iliyokuwa inakwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi. Mwaka uliofuata, Julai, nyingine ikazama ikitoka Dar es Salaam. Wako ambao miili yao haikupatikana mpaka leo, na jamaa zao hawana kaburi la kulizuru. Aya hii inasema Mungu anajua kila mmoja yuko wapi, na bahari itaambiwa iwatoe. Kwa Kristo aliyefufuka, kutokuwa na kaburi si kizuizi.

Mwani wetu unakufa na maji yamekuwa ya moto. Kama dunia itateketea, kuna haja gani ya kuitunza?

Akina mama wa Paje na Jambiani walianza kulima mwani mwaka 1989, na kwa miaka ya karibuni ile aina yenye bei nzuri inaoza kwa sababu ya joto la maji. Jambo hili ni la imani pia. Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua pamoja, na kwamba vitawekwa huru na utumwa wa uharibifu. Kinachongojewa ni uhuru wa uumbaji. Moto anaoutaja Petro katika waraka wake wa pili huandamana na gharika ya Nuhu katika sura hiyo hiyo, na baada ya gharika dunia ilikuwa bado ni dunia.

Yeremia, Yerusalemu ukiwa umezingirwa na yeye mwenyewe akiwa kifungoni, alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Akaandika hati, akaita mashahidi, akaamuru hati ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Kwa hesabu za soko, alinunua ardhi iliyokwisha tekwa na adui. Lakini Mungu alikuwa amesema mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo. Kupanda mikoko Chwaka au Micheweni leo ni tendo la jamii hiyo hiyo.

Majirani zetu husema "Inshallah" na kuhimiza subira. Je, tumaini letu ni tofauti?

Yapo mengi tunayoshirikiana nao na sioni sababu ya kuyaficha. Yakobo 4:15 inatufundisha kusema "Bwana akipenda". Subira ni tunda la Roho kwetu, na jirani Mwislamu anayekuja msibani na sahani ya wali akakaa nawe jamvini anakufundisha jambo la kweli kuhusu kungoja. Tofauti iko kwenye msingi: sisi twasema Mungu ameweka rehani ya ahadi zake katika mtu mmoja, Yesu aliyekufa na kufufuka, na kwamba Mungu mwenyewe alionja kungoja na kulia kaburini kwa Lazaro. Sema kwa upole, ukiulizwa.

Sisi ni wachache sana hapa. Je, Mungu anatuona?

Yako yaliyotuumiza: makanisa yaliyochomwa moto 2012, padri aliyepigwa risasi Februari 2013 akifika kuongoza misa. Wapo waliofunga virago. Waliobaki walisali Jumapili iliyofuata, na hilo ndilo linalonishangaza zaidi. Kwa kanisa la Filadelfia, lililokuwa na "nguvu kidogo", Bwana aliahidi mlango uliofunguliwa ambao hakuna awezaye kuufunga. Usilipize. Endelea kumsalimu jirani.

Nikilegea mimi, Mungu ataniacha?

"Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kwa maana hawezi kujikana mwenyewe" (2 Timotheo 2:13). Mstari unaotangulia unaonya juu ya kumkana, kwa hiyo hii si ruhusa ya kucheza. Lakini Petro alimkana mara tatu kabla ya jogoo kuwika, na Yesu alikuwa amekwisha kumwombea hata kabla hajaanguka. Waebrania 6 inaliita tumaini letu nanga ya roho. Nahodha hategemei nguvu za mikono yake chombo kisichukuliwe na kusi. Anategemea pale nanga iliposhika, chini, asipopaona.

Nimsaidieje mtu aliyekata tamaa kabisa?

Mpelekee chakula. Kaa naye. Usimtumie aya kumi kwa simu. Moja inatosha, tena baadaye. Akizungumzia kujiua, usimwache peke yake, waite ndugu zake na mpeleke hospitali, na umuombee njiani. Mungu alipomkuta Eliya chini ya mretemu akiomba kufa, alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Mazungumzo yalikuja baada ya siku nyingi.

Nianze kusoma wapi?

Anza na Zaburi 126, ni fupi na unaweza kuikariri ukiwa kwenye daladala. Kisha Maombolezo sura ya 3 yote, usiruke mwanzo wake mchungu. Halafu Ezra 3, uone wazee waliolia kwa sauti siku ya msingi wa hekalu jipya huku vijana wakishangilia, hata watu wasiweze kupambanua kelele za furaha na za kilio. Yeremia 29 hadi 32 usome kwa mfululizo, wiki nzima kama ni lazima. Baada ya hapo Warumi 8 na 1 Wakorintho 15. Ufunuo 21 na 22 uziache mwisho, na uzisome kwa sauti pamoja na wenzako wawili au watatu, ikiwezekana na mmoja ambaye hivi karibuni amefiwa.